Kusafisha fizi Arusha na Moshi: unalipia nini hasa?

Kliniki isiyopima kina cha fizi zako kwa milimita haijatibu fizi zako, hata kama umetoka pale meno yanang'aa. Huo ndio msimamo wetu kuhusu huduma ya kusafisha meno inayouzwa mjini Arusha na Moshi, na tunausema mapema kwa sababu watu wengi wanaolipia huduma hii wanaangalia rangi ya meno, wakati kinachopotea ni mfupa.

Kuna huduma mbili zinazotajwa kwa jina moja. Ya kwanza ni kukwangua ukoga unaoonekana juu ya ufizi, kisha kupolishi. Inamfaa mtu ambaye fizi zake zimevimba au zinatoa damu kidogo lakini mfupa bado uko mahali pake, na kwake inatosha. Ya pili ni kusafisha mizizi ya meno chini ya ufizi, kwa ganzi, mahali ambapo mfupa umeshaanza kurudi nyuma. Anayehitaji ya pili akipewa ya kwanza, fizi za juu zitatulia, damu itapungua, atafurahi, na huko chini mfupa utaendelea kuyeyuka kimyakimya. Ndiyo maana tunang'ang'ania kipimo.

Jinsi mfupa unavyopotea inafaa ieleweke, maana bila hilo bei ya huduma itaonekana ya ajabu. Utando wa bakteria ukikaa kwenye mstari wa ufizi, mwili unapeleka kinga yake pale. Fizi zinavimba na kutoa damu. Hapo bado unaweza kurudi ulikotoka: safisha vizuri na ufizi utapona wote. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe unashuka chini kando ya mzizi, ufizi unaachana na jino, na pengo linalofanyika hapo linageuka mfuko ambao mswaki haufiki. Bakteria hawali mfupa wenyewe. Ni uvimbe wa mwili wenyewe unaoamsha seli zinazoyeyusha mfupa, na mfupa unarudi nyuma kukimbia maambukizi. Kwa kawaida hakuna maumivu. Mtu anakuja kushtuka jino linapocheza, au meno ya mbele yanapoanza kuachana, na wakati huo nusu ya mfupa inaweza kuwa imekwenda.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Daktari anachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, sehemu 6 kwa kila jino: tatu upande wa shavu, tatu upande wa ulimi. Anasema namba kwa sauti na msaidizi anaandika. Ufizi wenye afya unasoma 1 hadi 3. Nne yenye damu ni onyo. Tano na 6 ni mfuko unaohitaji kazi ya chini, na 7 kwenda juu ni jino linalohitaji mazungumzo ya wazi. Utahisi kubanwa, lakini si maumivu makali; kama ufizi umevimba sana inaweza kuuma kidogo. Kinywa chenye meno 28 kinatoa namba 168. Kama hukusikia namba zikitajwa na hakuna karatasi yenye namba hizo, hukupimwa.

Kuna mtego hapa ambao hata mgonjwa mwangalifu anauangukia. Namba 3 peke yake si habari njema kila mara. Ufizi ukiwa umeshuka na mzizi kuonekana kwa milimita 4, na mfuko ukasoma 3, jino hilo limepoteza mshikilio wa milimita 7. Daktari makini ataandika vyote viwili, kina cha mfuko na kiasi ufizi ulivyoshuka, kisha atajaribu kama jino linacheza na kama mfupa kati ya mizizi ya magego umefunguka. Muulize tu: "Daktari, umeandika na sehemu fizi zilizoshuka?" Swali hilo dogo linakuonyesha uko mikononi mwa nani.

Eksirei inafuata kipimo, haitangulii. Mfupa wenye afya unafika milimita 1 hadi 2 chini ya shingo ya jino. Picha moja kubwa ya taya zote inatoa taarifa ya jumla, lakini kwa meno ya mbele haionyeshi vizuri, na picha ndogo za jino mojamoja ndizo zinazosomeka. Kwa mpangilio uliokubaliwa kimataifa mwaka 2017, upotevu wa mfupa chini ya asilimia 15 ya urefu wa mzizi ni hatua ya 1, asilimia 15 hadi 33 ni hatua ya 2, na ukivuka hapo ni hatua ya 3 au ya 4, kutegemea pamoja na mengine idadi ya meno yaliyokwisha kung'oka kwa ugonjwa huo. Omba uambiwe hatua yako. Kasi nayo ina maana: chukua asilimia ya mfupa uliopotea kwenye jino baya kuliko yote, gawanya kwa umri wako. Jibu likizidi 1, ugonjwa unakwenda mbio. Mtu wa miaka 30 aliyepoteza asilimia 40 yuko kwenye hatari kubwa kuliko mzee wa miaka 70 aliyepoteza asilimia hiyohiyo, ingawa picha zao zinafanana.

Kazi yenyewe ya kusafisha chini ya ufizi inachukua muda, na muda ndio kipimo rahisi kwa mteja. Kinywa kinagawanywa robo 4. Robo mbili kwa ganzi ni kama dakika 45 hadi saa nzima. Anayemaliza kinywa chote ndani ya dakika 15 amefanya juu tu, na si kosa kama ndicho ulichohitaji, ila usilipie bei ya chini ya ufizi. Mashine ya mtetemo inapiga zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde na lazima irushe maji muda wote. Ncha ikifanya kazi bila maji inachemka na kuumiza jino. Kwa hiyo maji yakikatika katikati ya kazi, daktari asimame. Baada ya mashine zinakuja zana za mkono zenye makali, zilizopinda tofauti kwa kila upande wa jino, za kupitia mzizi hadi uwe laini. Tunapenda kuona vyote viwili vikitumika. Mashine peke yake inaruka kona za magego, mkono peke yake unachosha na kuchelewa.

Usafi wa zana usionee aibu kuuangalia. Pakiti ifunguliwe mbele yako, iwe imefungwa, na alama yake ya kubadilika rangi iwe imebadilika kuonyesha kwamba imepita kwenye mashine ya mvuke. Zana zilizolala kwenye trei yenye maji ya dawa ya rangi si mbadala wa mvuke. Hapo hatuna upole: kiti kizuri, kiyoyozi na televisheni ukutani havifuti dosari hiyo.

Meno ya rangi ya kahawia

Sehemu hii ni ya kwetu hasa, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi yasiyo na sababu. Watu waliokulia kuzunguka Mlima Meru, pande za Maji ya Chai na Ngarenanyuki kwa mfano, wamekunywa maji yenye floridi nyingi, mahali pengine mara kadhaa ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isipitwe. Magadi ya kuivishia maharage na makande yanaweza kuongeza floridi nyingine juu yake. Rangi ya kahawia inayotokana na hayo imo ndani ya ganda la jino tangu jino likitengenezwa utotoni. Haikwanguliki. Mtu akienda kusafisha akitegemea itoke, atarudi nyumbani akisema ametapeliwa, na fundi mbaya anayemkubalia atamchuna ganda la jino kwa tindikali au kwa kusugua kwa nguvu.

Tofauti unaweza kuiona mwenyewe kwenye kioo. Rangi ya floridi inafanana kwenye jino la kulia na mwenzake wa kushoto, imetapakaa usoni mwa jino, wakati mwingine na vishimo. Ukoga umekaa kwenye mstari wa ufizi na ukipitisha ukucha unahisi tuta. Unapenda zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu mirija ya mate inamwaga hapo na madini ya mate ndiyo yanayougandisha. Jino la kahawia linaweza kuwa na mfupa imara kabisa, na jino jeupe pe likawa linaning'inia kwenye nyama.

Na kwa vile wengi waliokulia huko wameogopa neno floridi, tuseme wazi: mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kutengenezwa hapati rangi hiyo kwa dawa ya meno. Tumia yenye floridi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni (ppm), namba huwa imeandikwa nyuma ya tyubu. Mizizi iliyoachwa wazi na ufizi ulioshuka inaoza haraka kuliko ganda, kwa hiyo wewe mwenye ugonjwa wa fizi unaihitaji kuliko wengine. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje ya mchele, na wa 3 hadi 6 kiasi cha njegere, mzazi akisimamia asimeze.

Vitu vya nyumbani tulivyovipima kwa kazi yake

Bidhaa inayostahili fedha yako kuliko zote, baada ya mswaki laini, ni vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno. Mfupa ukishapungua, kati ya jino na jino panabaki uwazi, na nyuzi za mswaki wa kawaida haziingii. Vinauzwa kwa saizi. Kwa mfano TePe wanatumia rangi: waridi ni milimita 0.4, nyekundu 0.5, bluu 0.6, njano 0.7, kijani 0.8. Saizi sahihi ni ile ambayo nyuzi zinabana kidogo pande zote lakini waya wa katikati haugusi jino. Ukilazimisha, waya unapinda na kukatika, na ufizi unaumia. Kikiingia kama hakuna kitu, ni kidogo mno na hakisafishi chochote. Karibu kila mtu anahitaji saizi mbili au tatu: nyembamba mbele, nene kwenye magego. Usinunue pakiti kubwa kabla daktari hajakujaribishia. Pitisha mara moja kwa siku, usiku, mbele na nyuma mara chache, bila dawa ya meno, suuza na maji, na ukitupe nyuzi zikianza kulala. Wiki ya kwanza kutakuwa na damu. Usiache. Damu inayotokana na uvimbe inapungua kadiri unavyosafisha, na kuacha kusugua mahali panapotoa damu ndiko kunakoulea ugonjwa.

Uzi wa meno unafaa pale meno yanapobanana. Kwa mwenye uwazi ni kazi ya bure, uzi unapita juu ya mabonde ya mzizi bila kuyagusa. Vijiti vya meno vinavyowekwa mezani kwenye nyama choma vitoe nyama tu, visitumike kuchokonoa ufizi.

Mswaki wa mti tunauheshimu. Ukitafunwa ncha mpaka ulainike, ukasuguliwa kutoka ufizi kwenda ncha ya jino, na ncha iliyotumika ikakatwa, unasafisha uso wa mbele wa meno vizuri sana. Unashindwa upande wa ulimi na nyuma ya magego ya mwisho, na katikati ya meno haufiki kabisa. Kwa hiyo ni mwenza, si mbadala. Mkaa, majivu na chumvi ya mawe kataa; vinakwangua mizizi iliyo wazi, na ndani ya miezi utakuwa na meno yanayokufa ganzi kwa maji baridi.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2 ina kazi yake: mililita 10, dakika 1, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili baada ya kusafishwa, wakati ufizi unauma na mswaki haupiti vizuri. Iache ipite nusu saa kati yake na dawa ya meno, la sivyo povu la dawa ya meno linaidhoofisha. Inapaka meno na ulimi rangi ya kahawia, zaidi kwa wanywa chai ya rangi na kahawa, na inaharibu ladha ya chakula kwa muda. Rangi hiyo hupolishiwa ikatoka. Kuitumia mwaka mzima ni kupoteza fedha, maana haiingii chini kwenye mfuko wenye kina.

Kinachotuudhi zaidi ni vidonge. Mtu anahisi fizi zimevimba, anaenda duka la dawa, anapewa Flagyl na amoksilini, uvimbe unatulia siku chache, anaona amepona. Utando wa bakteria uliogandamana kwenye ukoga haupenyezeki kirahisi na dawa hizo; usipokwanguliwa, ugonjwa unarudi, na safari ijayo vidonge vinaweza vikagoma. Vina nafasi yake kwa wagonjwa wachache wenye ugonjwa unaokwenda mbio, sambamba na kusafisha mizizi, kwa maelekezo ya daktari. Na aliyepewa Flagyl akae mbali na mbege, bia na konyagi mpaka amalize dozi na siku kadhaa mbele, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kumletea kutapika na moyo kwenda mbio.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, mwambie daktari kama una kisukari, shinikizo la damu, tatizo la vali ya moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Nifedipini na amlodipini, dawa za presha zinazotumika sana, zinaweza kuufanya ufizi ukue na kufunika jino. Usiziache mwenyewe, ongea na aliyekuandikia. Mwenye kisukari aje asubuhi akiwa amekula na amemeza dawa zake. Kwake huduma hii ina faida mbili: kutibu fizi hushusha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa takribani asilimia 0.3 hadi 0.4, na sukari ikiwa chini ya asilimia 7 kwenye kipimo hicho fizi nazo zinapona vizuri zaidi. Mvuta sigara ajue kwamba moshi unabana mishipa na kuficha damu, hivyo fizi zake zinaweza kuonekana shwari huku mfupa unakwisha.

Siku ya kwanza na ya pili baada ya kazi, kula laini na vuguvugu. Mtori unafaa kabisa, ila usubiri ganzi iishe, saa 2 hadi 3, usije ukajing'ata mdomo au kujiunguza bila kujua. Meno yatashtuka kwa baridi wiki kadhaa. Fizi zikinywea utaona mianya myeusi kati ya meno, na meno yaliyokuwa yamegandishwa pamoja na ukoga yataanza kuonekana yanacheza. Hapa ndipo inapotoka ile imani kwamba kusafisha kunalegeza meno. Mfupa ulishapotea zamani. Ukoga ulikuwa umeziba pengo tu. Mengi ya meno hayo hukaza kiasi uvimbe ukiisha.

Marudio ya kipimo ni wiki 8 hadi 12 baadaye, si kabla, kwa sababu tishu zinahitaji muda wa kushika. Huduma isiyokupa tarehe hii imekatishwa njiani. Lengo ni mifuko isiyozidi milimita 4 isiyotoa damu. Mfupa uliokwenda kwa kawaida haurudi. Ushindi ni kwamba umesimama hapo ulipo. Kwenye mabonde membamba na marefu ya mfupa, upasuaji wa ufizi unaweza kurudisha sehemu yake, na kwa kazi hiyo tungeanzia kwenye kitengo cha meno cha hospitali kubwa, KCMC kwa walio Moshi, kuomba ushauri au rufaa. Kwa kipimo na eksirei za mwanzo, hospitali za rufaa za mkoa, Mawenzi ya Moshi na Mount Meru ya Arusha, ni pa kuanzia penye akili kwa asiyejua ahangaike na kliniki ipi. Kabla ya kukubali bei popote, uliza kama ni ya kinywa chote au robo, na kama eksirei, ganzi na marudio vimo ndani. Baada ya hapo ni kurudi kila miezi 3 au 4. Ukoga unarudi, na aliyewahi kupoteza mfupa habaki salama kwa kusafisha mara moja kwa mwaka.

Jino linalocheza kwenda pembeni chini ya milimita 1 lisikutishe. Linalocheza zaidi ya hapo bado linaweza kuishi miaka mingi likisafishwa na kuondolewa mzigo wa kung'ata. Linalozama juu na chini ukilibonyeza, hilo halina mfupa wa kulishika, na kuling'oa mapema kunaweza kuokoa mfupa wa jirani zake. Ukiambiwa baada ya kung'oa upandikizwe jino la skrubu, sharti liwe kwamba mifuko iliyobaki kinywani imetulia kwanza, kwa kuwa ugonjwa uleule unakula mfupa wa skrubu kama ulivyokula wa jino.